Skafu ya kufuma inajikunja kama bomba: niifumue au inaokoleka?

Baridi_ya_Njombe

Wakuu, habari zenu. Nafuma skafu kwa sindano mbili namba 8, uzi wa akriliki wa unene wa kati, vitanzi 40. Mshono ni ule wa kawaida wa sweta: mstari mmoja vitanzi vya mbele (vinavyoonyesha V upande unaokuelekea), mstari unaofuata vitanzi vya nyuma (vinavyoonyesha vijivimbe), basi. Imefika sentimita 60 na pembeni inajikunja mpaka kingo mbili zinakutana. Ukiilaza mezani ni bomba tupu. Nimeipiga pasi juu ya kitambaa kibichi ikanyooka, kesho yake ikarudi palepale.

Je, nakaza uzi mno? Nikiizungushia ukingo wa kroshia itatulia? Au nifumue tu? Bonge la kwanza limeisha, nimebaki na matatu ya gramu 50. Lebo inasema kila bonge lina mita 110.

FundiNyuzi

Mkono wako hauna kosa. Mshono huo hujikunja hata ukifumwa na mashine.

Chukua skafu yako uitazame kwa karibu. Upande wa mbele unaona herufi V zimepangana. Hiyo ndiyo miguu ya vitanzi. Geuza nyuma, unaona vijivimbe vilivyolala. Hivyo ni vichwa vya vitanzi. Uzi ulioukunja kuwa kitanzi unataka kunyooka tena, na kwa kuwa vitanzi vyote vimeelekea upande mmoja, vyote vinavuta pamoja. Ndiyo maana kingo za kushoto na kulia hujikunja kwenda nyuma, na kingo za chini na juu hujikunja kuja mbele. Jaribu kuangalia yako, utaikuta hivyohivyo.

Kwenye sweta hulioni tatizo hili kwa sababu pembeni zimeshonwa pamoja na chini kuna mkanda wa kubana. Skafu haina mshono wa pembeni, kwa hiyo inahitaji mfumo ambao vitanzi vya mbele na vya nyuma vinavutana pande zote mbili. Kuna njia tatu rahisi:

Ya kwanza, vya mbele mistari yote, kwenda na kurudi. Hulala tambarare kabisa na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ila mistari hujibana, hivyo unakula uzi mwingi zaidi kwa kila sentimita ya urefu.

Ya pili, mbili mbele mbili nyuma. Idadi ya vitanzi igawanyike kwa 4, na kila mstari unaanza na mbili mbele, unaisha na mbili nyuma. Huna haja ya kukumbuka uko mstari gani.

Ya tatu, punje za mchele: moja mbele, moja nyuma, juu ya idadi witiri, na kila mstari uanze na uishe kwa kitanzi cha mbele. Hii haivutiki sana, ni nzuri kwa asiyependa skafu inayobana.

Ukingo wa kroshia hautasaidia. Utakuwa na bomba lenye urembo.

Mbilimbili

Nakubaliana, ila kabla ya kushauri idadi ya vitanzi, namba 8 ipi? Kwa vipimo vya zamani vya Uingereza, vilivyojaa kwenye vitabu vya ufumaji vya shuleni, namba 8 ni milimita 4, na namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba. Kwa vipimo vya Marekani namba 8 ni milimita 5, na namba ikipanda sindano inanenepa. Video nyingi za mtandaoni ni za Wamarekani. Mtu anafuata kielelezo cha namba 6 akidhani ni ile ya kitabu, skafu inatoka pana kama shuka au ngumu kama mkeka.

Laza sindano zako mbili pamoja juu ya rula bila nafasi katikati. Zikichukua milimita 8, ni za 4. Zikichukua 10, ni za 5.

(Wanaofumia spoku za baiskeli: hizo ni milimita 2 hivi. Kwa uzi wa unene wa kati ni nyembamba mno, kitambaa kinasimama chenyewe. Vijiti vya mishikaki vya unene wa milimita 4 vikisuguliwa vizuri na msasa ni afadhali mara kumi.)

Baridi_ya_Njombe

Nimepima, ni 8 kwa pamoja, kwa hiyo milimita 4. Nikiinyoosha skafu kwa vidole naona vitanzi 22 kwa sentimita 10, upana wote sentimita 18. Na kingo kweli zinajikunja kama alivyosema FundiNyuzi: pembeni kwenda nyuma, chini kuja mbele.

Nimesoma mahali kwamba nikiweka vitanzi 3 vya mbele tupu kila upande itatulia. Ni kweli?

FundiNyuzi

Vitatu havitoshi, vitajikunja vyote pamoja kama pindo la suruali. Hata sita hupunguza tu, haviondoi. Tena kuna tatizo la pili: mistari ya mbele tupu ni mifupi kwenda juu kuliko ya mshono wa sweta, kwa hiyo ukingo unakuwa mfupi kuliko katikati na skafu inaanza kupiga mawimbi. Ukingo wa namna hiyo unafaa blanketi la mtoto lenye uzito wake wa kulishikilia chini. Kwa skafu ya sentimita 18, achana nao.

Kitanzi_Kimoja

Dada/kaka wa Njombe, kabla hujafumua, ipo njia ya kubadilisha mshono bila kufumua skafu nzima. Unahitaji kroshia, ile sindano yenye ndoano, ya milimita 3.5 au 4.

Skafu ikiwa bado kwenye sindano, upande wa mbele ukikuelekea, ruka vitanzi viwili vya kwanza. Kitanzi cha tatu kiachie kwenye sindano kiporomoke kwa makusudi. Vuta kidogo, kitafumuka kwenda chini kama ngazi. Kisimamishe mistari miwili kabla ya mwanzo kwa kukichoma pini. Sasa geuza upande wa nyuma, ingiza kroshia kwenye kitanzi hicho, kamata kijiti cha kwanza cha ngazi (uzi uliolala kati ya safu mbili za jirani), kipitishe ndani ya kitanzi. Kijiti cha pili vivyo hivyo, mpaka juu, kisha rudisha kitanzi kwenye sindano. Safu hiyo sasa ni ya nyuma ukiitazama kwa mbele. Fanya na ya nne. Acha ya tano na ya sita, fanya ya saba na ya nane, endelea hivyo mpaka mwisho. Unapata mbili mbele mbili nyuma.

Angalizo: achia kitanzi kimoja kwa wakati mmoja. Ukiachia viwili vya jirani, ngazi zinaungana na hutajua kijiti kipi ni cha nani. Na usiruke kijiti, ukikiruka kitabaki kimening'inia nyuma kama uzi uliokatika.

Mbilimbili

Njia sahihi, na kila mfumaji anapaswa kuijua kwa sababu ndiyo inayookoa kitanzi kilichoanguka. Lakini kwa skafu hii tupige hesabu. Tukikadiria mistari 28 kwa sentimita 10, sentimita 60 ni mistari 168. Safu za kubadilisha ni 20. Ni mara 3,360 za kupitisha kroshia. Kufuma upya ni vitanzi 6,720, lakini kufuma kunakwenda haraka kuliko kuvua kijiti kimojakimoja.

Halafu mwisho wa kazi, upana utakuwa umepungua. Mbili mbele mbili nyuma hujibana. Sentimita 18 zako zitashuka kwenye 13 au hata chini ya hapo skafu ikiwa imetulia. Utakuwa umeokoa kitu ambacho si upana uliokuwa unautaka.

Ushauri wangu: fumua. Anza upya na vitanzi 56 kwa sindano zilezile. Fuma sentimita 8 hivi, toa vitanzi kwenye sindano uvipitishe kwenye uzi wa rangi nyingine, laza, pima bila kuvuta. Ukiona nyembamba panda hadi 60, ila usitoke kwenye hesabu ya 4.

Vitanzi vya kuanzia vianzishe kwa sindano ya milimita 5, kisha hamia ya 4. Na wakati wa kufunga mwishoni tumia tena ya 5, na kila kitanzi kifunge kama kilivyo: cha mbele kwa mbele, cha nyuma kwa nyuma. Mtu akifunga vyote kwa mbele na kwa mkono mzito, ncha ya skafu hubanwa kama mdomo wa gunia.

Uzi uliofumuliwa utakuwa na mikunjomikunjo kama tambi. Usiufume hivyo, vitanzi vitatoka havilingani. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa vipande vya uzi bila kukaza, tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, kamua kwa taulo, tundika kivulini. Ukikauka ndipo uukunje bonge.

Mishono_ya_Jioni

Samahani kuingilia. Yangu ni ya kroshia, haijikunji bali inazidi kuwa nyembamba. Mstari wa kwanza ulikuwa na trebo (ule mshono mrefu wa kroshia) 30, sasa mstari wa 7 nina 24. Sijaruka popote!

Kitanzi_Kimoja

Umepoteza moja kila mstari, kwa hiyo ni kosa moja linalojirudia, na ninajua liko wapi: mwishoni. Ukianza mstari unafuma mnyororo wa vitanzi 3 wa kupandia. Mnyororo huo unahesabiwa kama trebo ya kwanza, ndiyo maana unaruka shimo la chini yake. Sasa ukifika mwisho wa mstari unaofuata, mnyororo huo umejibana pembeni, hauonekani kama trebo, unauacha na kugeuza kazi. Trebo ya mwisho inatakiwa iingie juu ya kitanzi cha tatu cha mnyororo huo. Choma pini kwenye kitanzi hicho mara tu unapokifuma, hutakikosa.

Kosa la upande wa pili ni kufuma trebo kwenye shimo la kwanza wakati mnyororo umeshahesabiwa. Hapo skafu inapanuka. Na mtu akifanya makosa yote mawili kwa pamoja, hesabu inabaki 30 lakini kingo zinakuwa na meno.

Hakikisha pia tunazungumzia trebo moja. Trebo ya Waingereza, yenye kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza kroshia, Wamarekani huiita dabo. Dabo ya Waingereza ni fupi zaidi, haizungushwi uzi kabisa. Kwa trebo 30 za Kiingereza unaanza na mnyororo wa 32, trebo ya kwanza inaingia kitanzi cha nne kutoka kwenye kroshia.

Baridi_ya_Njombe

Nimeshafumua, uzi uko kivulini. La mwisho: bonge 4 zitatosha skafu ya sentimita 150 na matamvua? Na pasi ndiyo basi?

Mbilimbili

Kwa vitanzi 56 tegemea bonge moja likupe kama sentimita 40, kwa hiyo 150 zinakula bonge tatu na robo tatu. Kinachobaki ni mita 27 hivi. Matamvua 12 kila upande, kila moja nyuzi 5 za sentimita 30, yanataka mita 36, hazipo. Fanya 10 kila upande kwa nyuzi 4, ni mita 24. Yakate leo kabla hujaanza kufuma, yafunge kwenye mfuko uyaweke pembeni. Ukisubiri mwisho utajikuta unarudi dukani, na bonge la mzigo mwingine lenye namba ileile ya rangi linaweza kutofautiana kidogo. Matamvua yataonekana yamepachikwa.

FundiNyuzi

Pasi isiguse akriliki. Ni plastiki, joto likizidi uzi unalegea na kung'aa, na haurudi tena. Ukilazimika, shikilia pasi ya mvuke sentimita 3 juu ya skafu, mvuke upite, kisha iache ipoe ikiwa imelala. Mbili mbele mbili nyuma hata hiyo usiipe, utaua ule mnyumbuko wake. Ifue kwa maji ya uvuguvugu, ikamue ndani ya taulo na uilaze ikauke. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa mbichi, sentimita 150 zitakuwa 170 na upana utaondoka.