Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi siku uliyogundua "ile yetu" wameibadilisha? (Kigoma na Tabora mje hapa)

Mgebuka Mkavu
Wakuu, heshima kwenu. Jina la bia silitaji, mnaijua. Ile ya wazee. Ile ukiingia grosari yoyote hapa Mwanga unanyoosha kidole tu, na mhudumu ana swali moja: moto au baridi? Mimi ni wa moto tangu nianze kunywa, nimerithi kwa marehemu mzee wangu aliyekuwa mtu wa reli.

Sasa juzi nimetoka Kibirizi nimechoka, dagaa hawakauki na mvua hizi, nikakaa kwenye kona yangu. Chupa ikaja. Lebo imewekwa dhahabu dhahabu na maneno "ladha iliyoboreshwa". Nikasema lebo ni nguo tu, mtu ni yule yule. Nikapiga funda la kwanza, nikamwangalia mhudumu. Nikapiga la pili. Ule uchungu wa mwisho, unaokaa nyuma ya ulimi mpaka unatafuta kipande cha samaki, haupo! Badala yake kuna kautamu fulani, kama maji ya muwa yaliyolala. Nikamwita, dada, hii umetoa wapi? Akanijibu, "Baba, wewe wa saba leo."

Nimeshindwa kulala, si kwa pombe, kwa hasira. Mliokutana nayo semeni mlikuwa wapi na mlifanyaje.

Reli ya Kati
Wa nane ni mimi.

Nyuki wa Sikonge
Poleni wa mwisho wa reli. Sisi Tabora ilitufikia kabla yenu, tuko njia panda, kila kibaya mnakipata tukishakionja. Mimi nilikuwa Isevya, jioni, tunaangalia mpira. Tulikuwa wanne na hakuna aliyesema kitu mpaka kipindi cha pili, kila mtu anadhani ni mdomo wake una kasoro. Jamaa yangu alikuwa ametoka kuumwa malaria, akajua ni vidonge. Mpaka mzee wa meza ya jirani alipomwaga ya kwake chini ya mwembe na kuagiza soda. Hapo ndipo tukaanza kuongea wote kwa pamoja.

Nimerudi kwenye wanzuki. Asali haina mkurugenzi.

Toto la Ujiji
Pombe ni haramu, ya zamani na mpya. Mkimaliza kulia msikiti uko wazi.

Mwana Kibirizi
Ustadhi, kwenye uzi wa bia umefikaje?

Toto la Ujiji
Natafuta mtu wa mawese, nikaona watu wanalia nikadhani kuna msiba.

Fundi Kaunta
Naomba kuongea kidogo, nimewahi kufanya kibarua kiwandani (si hiki, na si mkoa huu).

Bia ni maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Hopsi ndiyo inayoleta huo uchungu mnaoulilia, na kwetu hailimwi, inaagizwa nje. Shayiri yetu inatoka kule Karatu na West Kilimanjaro, haitoshi, nayo inaongezewa ya nje. Kwa hiyo mtu wa mahesabu akitaka kubana, anaanza hapo hapo: kimea kinapunguzwa, mahindi au sukari vinaongezwa, hopsi inapungua kidogo kidogo. Njia nyingine ni muda. Laga maana yake ni bia ya kulazwa, ni neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Inachachuka kwenye ubaridi, taratibu, halafu inalala wiki kadhaa. Ukifupisha usingizi wake unaokoa umeme na matenki, lakini inatoka haijakomaa.

Na wewe mkuu unayekunywa moto, ndiyo maana umewahi kugundua. Ubaridi unaua ulimi. Wa baridi watagundua mwakani.

Lumumba Road
Hapo umetukosea sisi wa baridi. Bia ya moto ni supu.

Mgebuka Mkavu
Supu inanywewa na wanaume. Nyie mnakunywa barafu iliyopakwa rangi.

Lumumba Road
Kigoma joto lote hili unakunywa bia imetoka juani kwenye kreti, halafu unalaumu mapishi! Hujawahi hata kuijua ladha ya zamani ilikuwaje, ulikuwa unajua ladha ya turubai la lori.

Fundi Kaunta
Msigombane, ila Lumumba Road ana hoja kiasi. Chupa ya kahawia inazuia mwanga, haizuii joto. Bia ikipigwa joto njiani kutoka Dar au Mwanza inazeeka, inaanza kunukia kama boksi lililoloa. Kabla hujamlaani mpishi soma tarehe.

Bwana Ushuru
Yote hayo ni kodi. Wenzetu Uingereza kodi inafuata kilevi, na 2023 Foster's ikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.7. Wanywaji waliamka asubuhi vichwa vyepesi wakashangaa. Hapa kwetu bia ya nafaka za ndani zisizo kimea ina ushuru nafuu kuliko ya kimea. Piga hesabu mwenyewe mtu wa kiwanda anafikiria nini akiona hivyo.

Reli ya Kati
Mimi kichwa hakijawa chepesi. Kinagonga kuliko zamani.

Mkwe wa Kasulu
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hii imenigusa, ngoja niseme yote.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napeleka vitu kwa wakwe, kijiji kimoja nje ya Kasulu. Orodha tulishapewa: mbuzi, vitenge, blanketi la bibi, na kreti mbili za ile yetu kwa ajili ya wazee. Waliandika jina kabisa na kupigia mstari. Nilinunua Kasulu mjini, huko kwetu mpya iliwahi, mzigo unapitia Kibondo. Sikuangalia lebo. Nani anaangalia lebo siku kama ile?

Tukafika, tukapokewa, mshenga akaongea vizuri mpaka nikajiona nimeshaoa. Ikafika zamu ya kreti. Baba mkubwa wa binti, mzee aliyestaafu posta, ndiye mwonjaji wa ukoo. Akafunguliwa moja, moto. Akamimina kwenye glasi, akanusa, akanywa kidogo. Kimya. Kuku wa pale uani walisikika. Akaokota kizibo chini, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha juu ya chupa. Akaisogeza chupa upande wetu wa mkeka.

Akasema, "Kijana, kama bia unatuletea ya uongo, maneno yako tutayapimaje?"

Wakuu, nilihisi jasho mgongoni mpaka kwenye soksi. Mjomba wangu akajaribu kueleza kuwa kiwanda ndicho kimebadilisha. Mzee akauliza, kiwanda ndicho kinachooa? Wakajitenga chini ya mparachichi dakika ishirini. Jibu likaja: posa imesimama mpaka iletwe yenyewe. Saa tisa mchana hiyo, na siku ya pili nyumbani nina shughuli.

Nikachukua bodaboda kurudi mjini. Grosari ya kwanza, dhahabu. Ya pili, dhahabu. Nimezunguka mpaka stendi, dhahabu tupu. Kwa mama mmoja nyuma ya soko nikakaa chini nikamweleza, nadhani machozi yalikuwa karibu. Akacheka. Akaleta beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akatumbukiza chupa zake moja moja. Lebo zikavuka zenyewe kama ngozi ya nyoka. Akazipangusa, chupa vipara kabisa. Akaniambia, "Peleka. Sema umezikuta duka la kijijini, stoo ina unyevu, lebo zimeoza. Wazee wanakunywa kwa macho."

Nikarudi kwa wakwe jua linazama. Mzee akafunguliwa moja. Akanusa. Akanywa. Akafumba macho! Akasema, "Hii hapa. Hii ndiyo." Akaanza kutusimulia habari za posta, treni ya barua, mishahara ya zamani, mpaka usiku. Posa ikapita na blanketi likasifiwa.

Sasa wakati natafuta viatu nitoke, shangazi wa binti akanivuta pembeni ya jiko. Akafungua kiganja. Kizibo. Cha dhahabu. Akanong'ona, "Mkwe, vizibo umesahau." Nikamuahidi kitenge.

Mwana Kibirizi
Hii ni chai. Tena ya maziwa.

Lumumba Road
Mimi naamini. Kule mzee mwonjaji yupo kila ukoo.

Mtoto wa Mwalimu
Kwa faida ya wote, haya mambo si mageni duniani. Marekani kulikuwa na bia ya Schlitz ya Milwaukee, ya pili kwa ukubwa nchi nzima. Miaka ya 1970 wakafupisha muda wa kuchachusha na kupunguza kimea. 1976 wakabadilisha dawa ya kuing'arisha, ikagombana na dawa ya kutunza povu, bia ikawa na vijinyamanyama vinaelea chupani. Chupa zipatazo milioni 10 zikarudishwa. 1982 kampuni ikanunuliwa na Stroh. Na soda je? Coca-Cola walionjesha watu karibu laki mbili, wakaambiwa mpya ni tamu zaidi, wakaitoa Aprili 1985. Watu wakachachamaa, na baada ya siku 79 ya zamani ikatangazwa kurudi. Kwa hiyo tukisimama pamoja

Reli ya Kati
Tumekusikia mwalimu. Mkwe, kitenge ulipeleka?

Nyuki wa Sikonge
Ndilo swali. Na binti anajua?

Mkwe wa Kasulu
Binti hajui. Mke wangu mtarajiwa, kama unasoma, huyu si mimi.

Mgebuka Mkavu
Mnafurahi, lakini huyu mkwe ameuharibu uzi wangu. Sasa kila mtu ataniambia nakunywa kwa macho. Mimi sikunywa kwa macho! Lebo niliona, ndiyo, lakini ulimi ndio uliokataa.

Fundi Kaunta
Inapimika. Glasi tatu, mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine. Umefungwa macho. Unachagua iliyo tofauti. Mara moja unaweza kubahatisha, nafasi ni moja kwa tatu, kwa hiyo urudie mara tano au zaidi. Viwandani ndivyo wanavyofanya, na wanaonja za joto linalofanana.

Mgebuka Mkavu
Nimekubali. Kuna duka Bangwe nimeona chupa tatu za lebo ya zamani zina vumbi. Jumamosi, hapa Mwanga. Mashahidi karibuni, kila mtu alipe ya kwake.

Dada wa Gungu
Ushauri wangu bure: changanya nusu ya mpya na nusu ya ile nyingine kali. Mume wangu anafanya hivyo na halalamiki.

Mwana Kibirizi
Au tia punje mbili za chumvi ya Uvinza. Uchungu haurudi, lakini utakuwa na jambo lingine la kulalamikia.

Nyuki wa Sikonge
Usisikilize hao. Jaza stoo za zamani kabla hazijaisha.

Fundi Kaunta
Usijaze! Laga haiwekwi miaka, inachakaa. Utakuja kunywa boksi.

Mpita Njia wa Bujumbura
Kuna Primus jirani tu, chupa kubwa. Mnateseka bure.

Bwana Ushuru
Umeilipia forodha hiyo Primus?

Mpita Njia wa Bujumbura
Nimekumbuka nina kazi.

Mgebuka Mkavu
MREJESHO. Jumamosi imepita. Nilifungwa kitenge machoni, mhudumu ndiye aliyemimina, mashahidi kumi na moja, wengine hata siwajui. Raundi tano. Nimepata nne! Ya tatu nilikosa kwa sababu glasi ilikuwa inanuka mgebuka, na mashahidi wanajua.

Lumumba Road
Nilikuwepo. Ya nne alikaa nayo mdomoni dakika nzima kama anasukutua. Lakini kweli, nne kati ya tano.

Fundi Kaunta
Hongera mkuu, ulimi unao. Ila tarehe za chupa za Bangwe zilisemaje?

Mgebuka Mkavu
Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Fundi Kaunta
Sasa unaona tatizo. Ile ya zamani imekaa dukani miezi, mpya imeshuka wiki iliyopita. Umetofautisha mapishi au umetofautisha umri?

Mgebuka Mkavu
Fundi, wewe ni mtu wa kiwanda. Umetumwa.

Reli ya Kati
Kwa hiyo sasa hivi unakunywa nini?

Mgebuka Mkavu
Hiyo hiyo ya dhahabu. Nifanyeje, nihamie soda? Ila sinyanyui kidole tena. Anayeitaka anifuate kwenye kona, aniulize.

Shangazi Kasulu
Nimeletewa huu uzi na mtoto wa dada yangu. Kitenge sijakiona.

Mkwe wa Kasulu
Shikamoo shangazi. Kiko njiani.

Shangazi Kasulu
Marahaba. Kizibo bado ninacho.

Toto la Ujiji
Jamani, mtu wa mawese hajapatikana? Nataka madumu manne, ya Mwandiga, yasichanganywe.

Nyuki wa Sikonge
Utajuaje hayajachanganywa?

Toto la Ujiji
Naonja.