Mayai ya tegu kwa simba: Echinococcus felidis au granulosus, mnatofautishaje?

Ngiri88: Wadau naombeni msaada, nina mayai ya tegu toka kwenye kinyesi cha simba pori, nimeyaangalia kwenye hadubini mpaka macho yanauma na yote naona yaleyale, duara, ganda nene lenye mistari, ndani vikulabu sita. Huku nasoma felidis, kule granulosus, wengine wanasema ni Taenia, jenasi nyingine ya tegu. Kuna alama ya kuangalia au napoteza muda?

Kipingili: Kwa mayai unapoteza muda mkuu. Taenia na Echinococcus mayai yao hayatofautiani kwa macho, hata jenasi hupati sembuse spishi. Ungekuwa na mnyoo mzima afadhali, Echinococcus ni wa milimita chache tu na vipingili vyake vya kuhesabu, Taenia ni mrefu mbali sana. Ila felidis na granulosus hata wakiwa wazima wanachanganya. Toa DNA, soma jeni za mitokondria (DNA ndogo iliyo nje ya kiini cha seli), cox1 au nad1.

Mtunza_Vielelezo: Naongezea hapo, felidis ilielezwa 1937 kwa simba wa Afrika Kusini, baadaye ikashushwa ikawa nususpishi tu ya granulosus na watu wakaisahau. 2008 ndo wakapima DNA toka kinyesi cha simba wa Uganda wakalinganisha na vielelezo vya zamani vya Afrika Kusini, ikaonekana ni spishi kamili, ndugu wa karibu wa granulosus. Vile vielelezo vingetupwa sijui tungelinganisha na nini, ndo maana nasisitiza kila chupa iandikwe mnyama gani, wapi, lini.

Ngiri88: Asanteni sana. Sasa cox1 peke yake inatosha?

Kipingili: Kumjua felidis inatosha. Ila ukikuta kitu kigeni usikimbilie kutangaza spishi mpya, mitokondria inarithiwa upande mmoja tu, haikwambii kama wanazaliana na majirani zao. Angalia aina za kijeni G6 mpaka G10 za Echinococcus canadensis, hadi leo watu wanavutana ni spishi moja au zaidi, hapo lazima uongeze jeni za kwenye kiini cha seli.

Mtunza_Vielelezo: Na hizo sampuli umezihifadhije?? Fomalini inaharibu DNA, etanoli ni nzuri kwa DNA lakini HAIUI mayai, na kama ni ya granulosus yanampa binadamu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Gandisha kwanza nyuzi -80 siku kadhaa, friza ya -20 haitoshi.

Ngiri88: Ziko kwenye etanoli, nilidhani yameshakufa. Nafunga kazi sasa hivi nazipeleka kwenye -80.