Kapu la mboga limejaa majani tu, nyanya hakuna. Wenzangu mnapata nini masika hii?

Jikoni_Tabata

Habari zenu wapendwa. Nina swali kwa wenzangu waliojiunga na makapu ya mboga yanayotoka moja kwa moja kwa wakulima wa Mgeta, Morogoro. Mwezi wa pili nililipia miezi mitatu mbele, 15,000 kwa wiki, na kila Jumamosi asubuhi naletewa kapu langu hapa Tabata Kimanga. Makapu ya mwanzo yalikuwa mazuri sana: karoti, kabichi, njegere, na nyanya za kutosha kupika wiki nzima.

Mvua zilipokolea mambo yakabadilika. Jumamosi iliyopita nimepokea mafungu ya mchicha, majani ya maboga, mnafu, figiri, vitunguu majani, magimbi na boga zima. Nyanya hata moja.

Sisemi mboga ni mbaya. Mchicha wao una majani mapana, laini, haunuki dawa, na mama mkwe aliyekuja kutoka Handeni amekula mnafu mpaka akauliza tunaununua wapi. Lakini nina watoto wanaotaka wali na mchuzi mwekundu, kwa hiyo nyanya naishia kununua gengeni kwa bei ya kuumiza, tena zilizobonyea. Naona kama nalipa mara mbili.

Naomba kujua: hii ni kawaida ya masika, au wakulima wanatupa kinachobaki baada ya kuuza vizuri kwingine? Nyanya zitarudi lini? Na majani yote haya mnayafanyaje yasiozee kwenye friji?

Genge_Mabibo

Dada, mimi niko soko la Mabibo, nauza nyanya mwaka mzima. Wakati huu nyanya ni shida kwa kila mtu. Tenga ukilifungua, za juu zinapendeza, za chini zimeshavuja, na hilo tenga lenyewe umelinunua kwa bei kubwa. Subiri za Ilula, kule Iringa, ziingie kwa wingi, utaona bei inavyoporomoka.

Hapo sina ugomvi na wakulima wako. Ninachokushauri ni hiki: lipia unachokula. Sokoni unaishika nyanya, unaigeuza, ikikukataa unahamia kwa jirani yangu. Kapu unachaguliwa na mtu usiyemjua, na hela umeshatoa.

MamaShamba_Nyandira

Mwanangu wa Tabata, hujambo? Mimi ni mmoja wa akina mama tunaojaza hayo makapu, niko kijijini Nyandira, huku Mgeta, na boga lako huenda limetoka shambani kwangu. Nimesoma swali lako lote na nitakujibu kama ulivyouliza, bila kukuficha.

Nianze na nyanya. Masika huku mlimani wingu linashuka mpaka kwenye matuta, siku nyingine jua halionekani kabisa. Ubaridi na unyevu wa kutwa namna hiyo ndio unaopendwa na baka jani, ugonjwa ambao wengine wanauita ukungu. Unaanza na doa lililolowa pembeni mwa jani, baada ya siku chache shamba zima limeungua, na tunda linashika mabaka magumu ya kahawia. Viazi mviringo navyo unavishambulia. Mwenye kutaka nyanya mwezi wa nne lazima apige dawa, mvua ioshe, apige tena, na aendelee hivyo mpaka anachuma.

Sisi kwenye kikundi tumekubaliana hatufanyi hivyo. Tunalima kilimo hai, yaani bila dawa za kemikali, na tunakaguana wenyewe, mama mmoja anaingia shamba la mwenzake na daftari, kwa kufuata masharti yale yale ya alama ya Kilimohai iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 2007. Na kuna jambo napenda watu wa Dar mlijue. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayosafishwa na kuletwa kwenu kwa mabomba. Ninachomwaga kwenye mteremko wangu hakibaki Nyandira. Mimi nina wajukuu Mbagala, nalifikiria hilo kila ninapoona mtu anasuuza bomba la dawa mtoni.

Kwa hiyo nyanya zetu tunazisia kitaluni mwishoni mwa Aprili, tunazihamishia shambani mvua zikikatika, na kuchuma tunaanza Agosti kuelekea Septemba, maana baridi ya huku inazichelewesha. Hata hapo kazi haijaisha. Wakati wa ukavu anakuja kantangaze, yule kipepeo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye funza wake huchimba njia ndani ya jani kisha hutoboa tunda. Tunatega mitego ya harufu, tunachuma majani yaliyoathirika na kuyateketeza, na hatupandi nyanya palipokuwa na nyanya. Ni kazi ya mikono, lakini inawezekana. Baka jani ya masika haiwezekani kwa mikono.

Umeuliza kama tunakupa mabaki. Hapana, mwanangu. Mchicha unauchuma wiki ya tatu au ya nne tangu kuusia. Viazi, maharage na njegere tulivyopanda Machi bado viko shambani, na bila hizi mboga za haraka kapu lako lingekuja tupu. Mnafu tunauchuma alfajiri siku ile ile ya safari, kwa sababu ukilala unanyauka. Hata barabara inaamua kinachoingia kwenye kapu: kutoka huku kushuka Mlali, udongo ukiloa, gari linaweza kulala njiani. Magimbi na boga vinavumilia kulala. Nyanya mbivu haivumilii.

Kijana wangu wa Mabibo, nakuheshimu, bila ninyi mazao mengi ya nchi hii yangeozea shambani. Ila hiyo "lipia unachokula" ndiyo iliyotukausha sisi. Machi ndipo mkulima anahitaji mbegu, na Machi ndipo hana hela. Tulikuwa tunakopa kwa dalali, halafu mavuno yakija anataja bei yeye. Kabichi iko shambani imekomaa, ukibisha siku chache inapasuka, na yeye analijua hilo. Karoti anazijaza lumbesa, gunia linavikwa kilemba cha kamba juu mpaka wabebaji wanayumba, na anakulipa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini kwenye mteremko huku dalali mwenye gari ndiye anayeamua. Hela ya mwezi wa pili ya dada huyu na wenzake ndiyo iliyonunua mbegu za viazi zinazoota sasa hivi. Mwaka huu kwenye kikundi chetu hakuna aliyepanda kwa deni la dalali, na hilo kwangu ni kubwa kuliko bei yoyote.

Tulipofundishwa utaratibu huu tuliambiwa akina mama wa mijini kule Japani walianza kununua hivi kwa wakulima miaka ya 1970, wakitafuta chakula kisicho na sumu, na Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yakaanza mwaka 1986. Nao pia wanakula kilichopo shambani, na msimu ukigoma wanavumilia pamoja na mkulima. Ndiyo maana ya kulipa kabla. Ila nakubaliana nawe kwamba mliojiunga mwezi wa pili mlipaswa kuelezwa kapu la masika linafananaje. Nitalipeleka kwenye kikao.

Kinachokuja sasa: Mei mwishoni utaona mahindi mabichi na maharage mabichi. Juni ni viazi vipya, vile ambavyo ganda unalikwangua kwa kidole, na njegere. Njegere za Mgeta, mwanangu, usizile kwa haraka. Zikitoka shambani zina sukari yake, na kila siku inayopita sukari hiyo inapungua, kwa hiyo zimenye Jumamosi ile ile, mle Jumamosi ile ile. Zinapenda baridi hii inayotutesa sisi, na udongo wake tunaulisha samadi ya mbuzi, hawa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa kwetu miaka ya 1980 kupitia watu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watu wanawasifu kwa maziwa, mimi nawasifu kwa samadi. Baada ya hapo karoti, bitiruti, kabichi, halafu nyanya. Desemba ni plamu, na hizo hutaomba zipungue.

Mpishi_Chumbageni

Shikamoo mama wa Nyandira, nimejifunza mengi.

Jikoni_Tabata, kuhusu majani. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka kwenye friji, ndiyo yanayoozea hapo. Yakung'ute udongo, yafunge kwenye kipande cha khanga chenye unyevunyevu, yaweke chini kabisa. Mchicha wenye mizizi usimamishe kwenye ndoo ya maji kidogo, utakaa hata siku mbili nje ya friji. Anza kula mnafu na mchicha, malizia na majani ya maboga na figiri. Magimbi na boga viache jikoni pakavu, vinasubiri.

Yakizidi, yachemshe dakika moja au mbili, yatumbukize kwenye maji ya baridi, yakamue kwa nguvu, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja na uyaweke friza. Kwa masika hii usijaribu kuyaanika, yatavunda.

Na kwa watoto wanaotaka mchuzi mwekundu: pika boga. Lichemshe na kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, liponde, tia tui la nazi na kipande cha ukwaju kwa uchachu. Rangi inatoka ya machungwa iliyokolea, wangu wanamwagia kwenye wali bila kuuliza. Majani ya maboga yavute zile nyuzi kwanza, kisha yapike na karanga zilizotwangwa.

Jikoni_Tabata

Shikamoo mama. Ahsante sana, hasa kwa kunijibu lile la mabaki bila kukasirika. Habari ya Ruvu sikuwa naijua kabisa. Nitaendelea, na Juni nalipia tena. Boga nalipika leo kwa maelekezo ya Chumbageni.

Nimesikia wanachama wanakaribishwa shambani mvua zikiisha. Naweza kuja na watoto? Usafiri ukoje?

Genge_Mabibo

Mama, la lumbesa umesema kweli, sisi wa mjini nalo linatuumiza, wabebaji wanatudai zaidi. Mkiwa na karoti zinazobaki baada ya kujaza makapu, gunia la halali lenye mizani, mimi nanunua. Nipe utaratibu.

MamaShamba_Nyandira

Marahaba, wanangu wote.

Kijana wa Mabibo, karoti za ziada zitakuwepo kuanzia Julai. Njoo kwenye banda letu la maonesho ya wakulima ya Nane Nane, mwezi wa nane, pale Morogoro, viwanja vya Mwalimu Nyerere, uongee na mwenyekiti wetu uso kwa uso, na mizani utaikuta hapo hapo. Ukikubali bei ya kilo, tutafanya kazi.

Wewe wa Tabata, watoto walete. Tunapokea wanachama wikiendi za mwezi wa sita, wakati wa njegere, kwa sababu njia imekauka na kazi ya kuchuma hata mtoto anaiweza. Panda treni ya SGR ya asubuhi mpaka Morogoro, kutoka hapo chukua gari la Nyandira linalopitia Sangasanga na Mlali. Kuanzia Mlali ni kupanda na kona tupu, mtoto anayetapika akae mbele. Mje na masweta mazito, usiku wa Juni huku si wa kuchezea, na viatu vyenye meno kwa sababu matuta yana mteremko. Mtalala kwetu, chakula kipo. Kila familia inachuma mstari wake, nusu inaingia kwenye makapu ya wiki ile, nusu mnaondoka nayo.

Nitumie majina ya watoto na umri wao kupitia kijana anayekuletea mboga, nijue mablanketi mangapi. Na yale makapu matupu mliyoyaweka nyuma ya mlango, wapeni wapeleka mboga Jumamosi hii wayarudishe. Ukili wa kusuka mengine masika haukauki.