Turbo ya Hilux imekufa: mtumba, mpya au katriji tu?

Assalamu alaykum ndugu zangu, na hamjambo nyote. Naomba ushauri kuhusu turbo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa), nimekwama.

Nina Hilux ya 2008, injini 2KD ya lita 2.5, napakia nayo nazi kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea, Mombasa. Siku hizi inafuka moshi wa buluu, inakunywa oili, na nikiwa na mzigo ule mpando wa Mazeras inalia kama filimbi halafu nguvu zinakata. Fundi alifungua bomba la hewa akatikisa shafti ya turbo: inacheza mpaka mapanga (zile feni zake) yamekwaruza nyumba yake, yaani kasha la nje. Nilikuwa nimeshabadilisha filta na oili, wapi!

Wauza spea wananipa turbo ya mtumba, mpya isiyo ya Toyota, au katriji ya kati peke yake (shafti na mapanga yake, bila nyumba ya nje). Mmoja ananisukumia turbo ya injini 1KD ya lita 3.0, ati "inaingia tu". Nasita, maana ile ina mapanga yanayojigeuza, yangu ni ya kawaida.

Je, nyumba ikishakwaruzwa, katriji pekee itatosha? Na bomba la kupeleka oili kwenye turbo nalibadilisha pia, au fundi ananitafutia gharama? Sitaki nyingine ife wiki ya pili.