Shingo ya mwanangu haitakati, na shule wanamwita bonge. Naombeni ushauri

MamaWawili: Habari zenu wakuu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, kilo 46, urefu sentimita 134. Mwaka huu shingoni kwa nyuma kumekuwa na weusi kama mkanda, ngozi imekuwa nene. Nilijua ni uchafu, nikawa namsugua kwa dodoki mpaka analia, weusi uko palepale. Usiku anakoroma kama mtu mzima, na akipanda ngazi anashika goti. Bibi yake anasema niache wivu, mtoto ana afya. Shule hataki tena kuvua shati wakati wa michezo. Nimkatie chakula cha usiku?

Mtata: Mtoto akila vizuri mnalalamika, asipokula mnalalamika. Atarefuka, yatajipanga yenyewe.

NesiWaZamu: Mtata, mwingine hujipanga, wengi hawajipangi, wanaingia nao ukubwani. Dada, weka dodoki chini. Huo si uchafu. Mara nyingi weusi wa namna hiyo ni dalili kwamba insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) inafanya kazi kwa shida, kongosho linatoa nyingi zaidi kufidia, na ngozi ya kwenye mikunjo inanenepa. Mwangalie na kwapani. Bado si kisukari, ila njia ya kisukari aina ya 2 huanzia hapo.

Nimepiga hesabu ya BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: 25.6. Kwa mtu mzima hiyo ni kuzidi kidogo tu. Mtoto hasomwi hivyo, anasomwa kwenye chati ya umri na jinsia, na kwa mvulana wa miaka 9 chati ya WHO (Shirika la Afya Duniani) inaanza kuhesabu unene uliopitiliza kwenye 21 hivi. Kwa hiyo bibi ana mapenzi, lakini hapa amekosea.

Mpeleke apimwe sukari, mafuta ya damu, ini (nalo hujaa mafuta bila kuuma) na presha, kwa mkanda unaoenea mkono wake. Usiku kaa naye nusu saa usikilize: akikoroma halafu pumzi ikakatika kidogo, kisha akashtuka, mwambie daktari. Na hilo goti usilidharau! Kwa watoto wazito kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga, maumivu yakasikika gotini. Akianza kuchechemea, ni siku hiyohiyo, hakuna kusubiri.

Kifimbo: Chakula cha usiku usimkatie. Mimi nilikuwa bonge, nikanyimwa, nikajifunza kula kwa kujificha. Nilikuwa naficha biskuti ndani ya soksi. Kilichonisaidia ni nyumba nzima kubadilika: soda ikaondoka kwa wote, TV ikazimwa wakati wa kula, na hakuna aliyetaja uzito wangu mezani.

MamaWawili: Soda anakunywa moja tu kwa siku jamani.

NesiWaZamu: Kopo la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, vijiko vya chai vinane au tisa. Na juisi usiifanye kimbilio, sukari yake haipishani sana. Maji.

Jambo la kukutia moyo: kwa umri huu mara nyingi hatulengi kumkondesha haraka. Anarefuka sentimita 5 hivi kwa mwaka, kilo zikisimama tu, urefu unazikuta. Kiasi gani hasa, daktari atakwambia akishampima. Acheze mpaka ahemeke, dakika 60 kwa siku, hata kwa vipande, na alale saa 9 au zaidi. Mchezo autake mwenyewe, asifanyiwe adhabu.

Mtata: Haya, nimefuta kauli. Mwanangu naye ana huo mkanda shingoni, nilikuwa namgombeza kuhusu kuoga.

MamaWawili: Nimerudi. Kwapani upo. Jana usiku nimekaa naye, pumzi ilikatika mara tatu, nikahesabu mpaka saba ndipo akashtuka. Sikulala. Jumatatu asubuhi tunaenda. Nimemwomba radhi kwa kumsugua, akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi mchafu?" Kilichobaki ni baba yake na kreti lake la soda chini ya meza. Hilo nitalifungulia uzi mwingine.