Kantini ya kazini Mtwara: mnatukata mshahara mtulishe chipsi na soda, halafu mnakuja kutupima presha?

Wakuu, nimekaa kimya vya kutosha. Nafanya kazi kiwanda kimoja hapa Mtwara, jina naliacha maana bado nina watoto wa kusomesha. Wenye kukijua mtakitambua kwa harufu ya mafuta ya kantini yake.

Zamani nje ya geti walikuwepo mama lishe. Ugali wa muhogo na samaki wa nazi, mbaazi, kisamvu, kunde, siku nyingine mihogo ya kuchemsha na karanga. Msimu wa machungwa ukifika unaondoka na mawili mkononi. Unakula kwa mkopo, unalipa mwisho wa wiki. Uongozi ukaja na hoja ya usafi, akina mama wakaondolewa, tenda akapewa mzabuni mmoja, na makato yakaanza kuonekana kwenye slipu ya mshahara, ule usile. Hoja ya usafi sikuipinga, kipindupindu si hadithi. Ila nilitegemea ukimwondoa aliyekuwa anatulisha vizuri, utaleta wa kutulisha vizuri zaidi.

Sasa tunacholetewa ni wali mweupe wa kurundika, maharage yenye chumvi ya kukausha ulimi, kipande cha nyama cha kutafuta kwa tochi, na chipsi. Chipsi kila siku ya Mungu! Mafuta yanakaangiwa mpaka yanakuwa meusi kama oili chafu ya gari, yanachujwa, kesho yanarudi jikoni. Mboga ni kabichi kidogo imewekwa pembeni ya sahani kama ushahidi. Tunda hakuna. Samaki hakuna, na hapa ni Mtwara jamani, samaki wanashushwa Msangamkuu na Mikindani! Nilimuuliza mpishi, akanijibu samaki wana miiba, watu watachelewa kurudi kazini. Nikachukua sahani yangu nikaondoka.

Zamu ya usiku ndiyo balaa lenyewe. Jiko linafungwa mapema, kinachobaki ni friji la soda na rafu ya biskuti na krispi. Korosho ndiyo sifa ya mkoa huu, kila mgeni tunampokea kwa "Mtwara kuchele", lakini kwenye ile rafu hukuti hata kipakiti kimoja cha korosho wala karanga. Mtungi wa maji ya kunywa mara nyingi mtupu. Mtu yuko kwenye joto usiku kucha, jasho linamtoka, kiu anaikata kwa soda au enaji kwa sababu ndicho cha baridi kilichopo. Geuzeni chupa msome maandishi ya nyuma: soda ya kola ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Yaani chupa moja tu umeshamaliza posho ya siku nzima, na kuna wenzetu zamu moja wanashusha tatu. Chumvi nayo wanataka iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Yale maharage tukiyapima tutacheka kwa uchungu.

Kilichonifanya niandike ni siku ya afya kazini. Wameleta wauguzi watupime presha na sukari, hongera zao. Meza ya kupimia wameiweka wapi? Ubavuni mwa friji la soda. Unaambiwa "punguza sukari, punguza chumvi, kula matunda", unageuka, unakutana na bei ya soda imebandikwa usoni kwako.

Nikaenda kwa bosi wa utumishi kwa adabu zote. Jibu: mtu mzima hapangiwi cha kula. Sawa mzee wangu, lakini mlishatupangia! Siku mliyowaondoa mama lishe, mkatukata hela, mkafunga geti, mlishatuchagulia. Huwezi kumnyima mtu pa kwenda halafu ukamwambia ana uhuru.

Na msiniambie haiwezekani kuweka viwango. New York mwaka 2008 meya Michael Bloomberg alisaini amri kwamba chakula kinachotolewa na idara za jiji, shuleni, hospitali, magerezani, kifuate viwango vya lishe, baadaye hata mashine za kuuzia vinywaji na vitafunwa kwenye majengo ya jiji zikaguswa. Hao ni Wamarekani, nchi ya soda yenyewe. Sisi tuna Taasisi ya Chakula na Lishe tangu 1973, tuna maafisa lishe kwenye halmashauri, tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Ukaguzi ukija kwetu wanaangalia kofia ngumu, buti na mitungi ya kuzimia moto. Kwenye sufuria hachungulii mtu.

Ninachotaka hakimfilisi yeyote. Maji safi muda wote, usiku na mchana. Samaki au mbaazi zizunguke kwenye ratiba, tunda la msimu liwepo, mafuta ya kukaangia yawe na mwisho wake, na haya yaandikwe kwenye mkataba wa mzabuni ili akikiuka akatwe yeye, si sisi. Kama kuna mdau wa manunuzi humu ambaye ofisini kwao wameshaweka vipengele vya lishe kwenye tenda ya chakula, atuwekee hapa tuone vimeandikwaje.

Na nyie mnaojiandaa kuandika "beba chakula chako kutoka nyumbani": getini tunapekuliwa, hotipoti haziingii.