Tairi za Land Cruiser ya kubeba samaki, Kipini hadi Malindi: ipi itakayodumu?

Mchukuzi wa Samaki (Malindi)

Salaam aleikum wanabaraza. Nina Land Cruiser 79, kebini moja, kazi yake ni kufuata samaki Kipini. Kaskazi bahari ikitulia naenda mara nne kwa wiki. Kwenda nimebeba barafu, kurudi samaki na barafu, kwa hiyo gari haijui kutembea tupu. Njia mnaijua: lami ya Gongoni, Marereni, Garsen hadi Witu, kisha vumbi na mchanga mpaka baharini.

Tairi nilizonazo ni 7.50R16 za tubu, 8PR (PR ni kipimo cha nguvu ya tairi kubeba). Zimekwenda kilomita 28,000 tu na za nyuma zimebaki kipara. Mtengenezaji simtaji, nisije nikamwonea. Nimeulizia Mombasa, nikatajiwa bei hizi kwa tairi moja:

7.50R16 kama hizi nilizonazo, 19,000 pamoja na tubu na flapu, ule mpira unaokinga tubu na rimu.
7.50-16 ya nailoni, 16,000.
LT235/85R16 ya A/T (ya lami na vumbi) isiyotumia tubu, 10PR, 31,000.
Mtumba wa Japani, 9,000.

Ipi itanifikisha mbali? Msiniambie "nunua nzuri", hiyo naijua.

Dereva wa Sala Gate

M/T, ile ya matope, kaka, mbona huitaji kabisa? Mimi masika napita Langobaya, matope yale usiombe. Meno makubwa hayana mpinzani. Funga M/T ulale usingizi.

Fundi Pancha (Mambrui)

M/T kwa mtu ambaye safari yake karibu yote ni lami? Meno yale yana nafasi kubwa kati yake, mpira unaogusa lami ni mchache, basi unachemka na kuisha upesi. Na kelele zake, redio huisikii. Wewe wa Langobaya zinakufaa, huyu hapana.

Ila Mchukuzi, kabla sijataja tairi yoyote nijibu matatu. Zimelika wapi: katikati, pembeni zote mbili, au upande mmoja? Unajaza upepo paundi ngapi? Na ubavuni, baada ya hiyo 7.50R16, kuna tarakimu gani?

Mchukuzi wa Samaki

Zimelika pembeni zote mbili, katikati meno bado yapo. Upepo najaza 40 zote nne. Tarakimu ni 112. Nikifika mchangani nazishusha hadi 20 hivi nisizame, na kuzijaza tena ni mpaka Garsen, maana njiani sina pampu.

Fundi Pancha (Mambrui)

Subhanallah. Yaani watoka Kipini na mzigo wote huo, upepo 20, mpaka Garsen? Ndugu yangu, tairi zako hazikufa, zimeuawa.

Nieleze, na wengine wasikie. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila inapogusa ardhi, inajikunjua, inajikunja tena, mamia ya mara kwa dakika. Kujikunja huko ndiko kunakoleta joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na waya ndani. Kwa nje utaona mabega yake yameliwa na katikati pazima, kama ulivyosema. Upepo ungezidi, ungeona kinyume chake, katikati ndiyo imeisha. Upande mmoja peke yake ni gurudumu halikukaa sawa, hilo si lako.

Sasa hiyo 112. Ni namba ya jedwali la uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400, na 122 ni 1,500. Lakini kilo hizo unapewa tairi ikiwa na upepo kamili ulioandikwa ubavuni. Kwa upepo wa 40 hubebi hata hizo 1,120. Kwa 20 sitaki hata kukadiria.

Nenda kapime gari ikiwa na mzigo, ekseli ya nyuma peke yake. Kampuni za chumvi huko Gongoni zina mizani, ukiomba vizuri hawatakunyima. Halafu rudi tuzungumze.

Mama Maembe (Magarini)

Wakati mwenzetu anakwenda kupima, mimi niseme juu ya mtumba, kwa sababu ulinila. Msimu mmoja wa maembe nilinunua nne, zina meno mengi kweli, zang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Pengine zilipakwa kweli. Moja ilipasuka karibu na Kurawa, pikapu imejaa tele, saa nane mchana. Kijana wangu alipoitazama ubavuni akakuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 1109. Wiki ya 11 ya mwaka 2009. Tairi ilikuwa na zaidi ya miaka kumi! Mpira ulikuwa umekauka, ukiukunja waona nyufa nyembamba kama za udongo wa bwawa lililokauka. Meno hayasemi umri.

Siku hizi sinunui tairi yoyote, hata mpya, bila kusoma hizo nne. Mpya nayo yaweza kukaa dukani miaka.

Na hesabu ya bei, mwanangu, usiifanye kwa tairi, ifanye kwa kilomita. Tuseme ya 19,000 inakwenda 30,000, hiyo ni senti 63 kwa kilomita. Ya 31,000 ikienda 60,000 ni senti 52. Ya bei ghali ndiyo rahisi.

Kijana wa Witu

Hesabu nzuri mama, lakini hiyo 60,000 imetoka wapi? Barabara yetu haijasaini mkataba. Ubavu ukipasuliwa na jiwe kilomita ya 8,000, senti 52 zinageuka shilingi karibu nne.

Tena kuna miti ya mathenge. Kuanzia Garsen miiba yake imejaa pembeni mwa barabara, mirefu na migumu, ukipisha lori tu umekanyaga. Tubu ikitobolewa, fundi yeyote chini ya mwarobaini ataing'oa, ataibandika kiraka, utaondoka. Isiyo na tubu ikibanduka kwenye rimu, pampu ya mguu haiirudishi hata mkeshe.

Dereva wa Sala Gate

Lakini isiyo na tubu mwiba haumalizi upepo kwa mpigo. Waweza kufika mjini nao umo ndani. Tubu ikitoboka ni "pshhh", uko chini. Na ile ya kuziba kwa uzi huhitaji hata kufungua gurudumu, dakika tano.

Kijana wa Witu

Kweli, hapo nimekubali. Kwa tundu la kwenye meno. Ubavuni uzi haufai.

Mzee wa Karakana (Malindi)

Nawasoma tangu jana, mnashindana juu ya viatu na hamjauliza mguu. Mchukuzi, rimu zako ni za namna gani? Land Cruiser nyingi za kazi zina rimu ya pete, ile inayofunguka vipande viwili, imeandikwa 5.50F, yaani upana wa inchi tano na nusu. Hiyo haishiki upepo bila tubu, na ni nyembamba mno kwa 235/85, ambayo inataka rimu ya inchi 6 kwenda juu. Ukiwa nazo, LT235/85R16 maana yake ununue na rimu. Hizo 31,000 si 31,000 tena.

Kwa ukubwa, hiyo 235/85R16 ina kimo kile kile cha 7.50R16, karibu milimita 806 zote mbili, kwa hiyo kipima mwendo hakitakudanganya. Ndiyo maana wengi wanaihamia. Mimi pia naipenda. Lakini rimu kwanza.

Na rimu za pete ziheshimuni. Pete ikiliwa na kutu haikai vizuri, na ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua. Gari inayobeba samaki inadondosha maji ya chumvi juu ya magurudumu safari nzima. Zioshwe kwa maji baridi ya bomba kila ukirudi, na kila tairi ikifunguliwa kutu ikwanguliwe. Wakati wa kujaza funga mnyororo, usisimame mbele yake.

Msafiri wa Mokowe

Na ile ya nailoni mbona hamjaisema? 16,000 tu.

Fundi Pancha (Mambrui)

Nilikuwa naikwepa. Kistari katika 7.50-16 ndicho kinachokwambia nyuzi zimepishana, R ni radiali, ya waya. Ya nailoni ina ubavu mgumu sana, wanaobeba mawe machimboni wanaipenda kwa haki kabisa. Ikikimbia lami mchana wa jua inachemka, na inaisha haraka kuliko ya waya. Na usichanganye nailoni na waya kwenye ekseli moja, gari itakuvuta.

Zamani mtu alikuwa ananunua tairi ya Yana iliyotengenezwa Nairobi, akajua anapata nini. Kiwanda kile kilifungwa 2016, sasa zote zinakuja kwa meli na majina hayaishi. Ndiyo sababu nawaambia someni ubavu. Majina yatawachosha.

Mchukuzi wa Samaki

Nimerudi. Nimepima Gongoni, walinipimia bure na bado nikaachiwa chai. Ekseli ya nyuma: kilo 2,380. Gawa kwa mbili, 1,190 kila tairi. Tairi yangu ni ya 1,120. Yaani hata ningejaza upepo mpaka mwisho ningekuwa nimezidisha. Na mimi nilikuwa nikilaumu kiwanda cha watu kila kikao.

Rimu: Mzee umenipata. Mbele ni nzima, 6J. Nyuma zote mbili ni za pete, 5.50F, na spea pia ya pete. Gari niliinunua mkononi, aliyetangulia alichanganya.

Mzee wa Karakana (Malindi)

Nilijua tu. Na soma kibao cha gari pia, kimeandikwa mwisho wa uzito wa kila ekseli. Tairi ya kilo 1,500 haiongezi nguvu ya springi wala bearingi. Mtu akifunga tairi ngumu hudhani kapewa ruhusa ya kuongeza makasha.

Mchukuzi wa Samaki

Nimesoma, nimezidisha kidogo. Nitapunguza makasha mawili. Roho inauma lakini basi.

Sasa nina njia mbili. Moja, LT235/85R16 tano, hizo ni 155,000, na rimu tatu juu yake. Mbili, leo nimeonyeshwa nyingine ambayo sikuiweka mwanzo: 7.50R16 ya waya, 14PR, namba 122, meno ya kilori kidogo, 22,000 na tubu na flapu. Imeandikwa L.

Fundi Pancha (Mambrui)

L ni mwisho kilomita 120 kwa saa. Na makasha yako unakimbia ngapi?

Mchukuzi wa Samaki

Themanini. Nikizidi, barafu inamwagika.

Fundi Pancha (Mambrui)

Basi L haikuhusu. Hiyo ya 14PR ingekuwa gari ya kutembelea ningekukataza, ikiwa tupu inaruka kama mbuzi, uti wa mgongo unakusimulia kila shimo. Wewe hutembei tupu. Breki kwenye lami yenye mvua, A/T nzuri itakushinda, hilo lijue uendeshe ukilijua. Mimi moyo wangu uko kwa 235/85 ya namba 120 ya uzito, ungejaza nyuma 65 ikabeba huo uzito bila jasho, na ukienda mchangani inapanuka vizuri. Lakini rimu tatu ni pesa.

Mama Maembe (Magarini)

Kusi inakuja, miezi boti zimelala na gari imelala. Usifunge mtaji wote kwenye mpira unaokaa juani. Chukua ya 22,000, na baki ununue pampu.

Mchukuzi wa Samaki

Mama ndiye aliyeniamulia. Nachukua 14PR tano, nyuma mnajua, mbele pia ili zote ziwe sawa na spea ifae popote. Pampu ya umeme ya kuunganisha na betri nimeshaiagiza, mchanga ukiisha tu nasimama najaza kabla ya kukanyaga lami ya Witu. Fundi atanipigia hesabu ya upepo wa nyuma kufuatana na maandishi ya ubavuni, si kwa kubahatisha. Na kila kilomita 8,000 nitabadilisha za mbele kwenda nyuma. Dukani nitasoma zile tarakimu nne za Mama kabla ya kutoa hata shilingi.

Kijana wa Witu

Hizo kipara za nyuma usizitupe, kaka. Pita nazo Witu nikakatie watu viatu vya akala.

Mchukuzi wa Samaki

Karibu. Ila ni za waya.

Kijana wa Witu

Ah. Basi kaa nazo.